Meza ya Kimo Chake

Sanduku lenyewe liliwahi kubeba injini ya pampu ya maji. Lilikuwa la mbao ngumu, na ukiligeuza kifudifudi linakuinua kutoka sakafuni shibiri moja na vidole viwili. Mama aliyelimiliki alilipima siku ileile alipolipata, maana ni mtu wa kupima. Alilikuta limetupwa nyuma ya duka la vipuri, akaanza kulisema vibaya mbele ya mwenye duka, kwamba limepinda, kwamba litamwingizia mchwa dukani, mpaka mwenye duka akamwomba tafadhali aliondoe, na juu yake akampa kamba ya kulifungia.

Kwa miaka tisa alifanya kazi ya useremala amesimama juu ya sanduku hilo, akipanda na kushuka kama kuku anayechagua pa kutagia. Jina la Mama Sanduku likamganda. Hata bintiye alipoulizwa shuleni mama yake anaitwa nani, alijibu hivyohivyo, na mwalimu akaandika.

Kilichosababisha sanduku ni ufito. Ufito huo ulining'inia kwenye msumari karibu na mlango wa karakana, mweusi kwa jasho la mikono, ukiwa na alama tatu zilizochongwa kwa kisu. Mzee aliyeanzisha karakana alikuwa amejipima mwenyewe siku za mwanzo, kabla hajawa na pesa ya kununua futi ya kukunja. Alama ya kwanza ilitoka unyayoni hadi nyuma ya goti lake: kimo cha stuli. Ya pili ilikuwa ya meza ya kulia chakula. Ya tatu ilifika kwenye kifundo cha mkono wake akiwa amesimama: kimo cha meza ya fundi. Mzee alikuwa mtu wa kimo cha kawaida. Cha kawaida kwa mwanamume, yaani. Alishafariki, mwanawe akarithi karakana, wafanyakazi na ufito, na hapakuwa na kitu kilichotoka mle ndani bila kusimamishwa kwanza karibu na ufito wa Mzee.

Meza za mafundi zilikuwa sita, zote kimo kimoja. Mwenye meza alikuwa na chapa yake, kipande cha chuma chenye alama, alichokitia motoni na kukichoma chini ya kiti au nyuma ya mlango alioutengeneza. Mmoja alikuwa na nyota, mwingine jembe, mwingine samaki. Kiongozi wao alikuwa na ufunguo. Huyu alikuwa mrefu kuliko wote, kichwa chake kilijua kila boriti ya paa lile, na walimwita Futi Sita. Alikuwa fundi hodari, hilo hakuna aliyembishia, na mdomo wake ulikuwa hodari vilevile. Kila siku mchana alijinyoosha mikono ikiwa kiunoni, akalia "aah," akajipaka dawa yenye harufu ya kutoa machozi. Aliyemuuliza ana nini alijibiwa, "Utu uzima." Alianza kujibu hivyo akiwa na miaka ishirini na nane.

Wanawake walikuwa watatu, na mahali pao palikuwa mlango wa nyuma, kwenye msasa. Kazi ya msasa ni vumbi tupu, lakini ina faida moja ambayo watu wa mbele hawakuifikiria. Anayepiga msasa anapitisha vidole kwenye kazi ya kila mtu. Mama Sanduku alijua kwa vidole nani anakata mfupi ulimi wa kuungia mbao halafu anajaza tundu kwa gundi na unga wa mbao, nani anachoka saa tisa, nani randa yake ina pengo. Mwaka wa pili alianza kurekebisha makosa hayo kimyakimya. Mwaka wa tatu fundi wa samaki aliugua wiki mbili, kazi ikawa imebana, akaletwa mbele kumshikia nafasi. Meza ilimfika kifuani. Kesho yake alikuja na sanduku.

Tangu hapo akawa fundi wa dharura. Aliyeugua, aliyesafiri, aliyeoa, meza yake ilishikwa na Mama Sanduku, na kazi ikatoka na chapa ya mwenye meza. Malipo yalikuwa yaleyale ya msasa. Kama ungepita nyumba kwa nyumba ukipindua viti, ungekuta kazi ya mikono yake chini ya nyota, samaki na jembe, na mahali popote usingekuta alama yake.

Aliwahi kuomba meza mara moja. Bosi, yaani mwana wa Mzee, alimjibu mbele ya watu: "Meza ya fundi ni ya kimo cha ufito, Mama Sanduku. Wewe humo. Sasa nifanyeje, nimkate Mzee miguu?"

Karakana ilicheka mpaka maranda yakaruka. Mama Sanduku naye alicheka, akarudi kwenye msasa. Jioni mume wake, ambaye ni mpishi wa kantini ya hospitali, alimwambia, "Muombe tena, mama watoto. Safari hii muombe kwa upole."

"Siombi tena. Nitauza."

"Utauza nini?"

"Sijajua. Kitu watakachokitaka wao."

Mume akarudi kwenye sufuria zake. Meza ya jikoni kwake ilikuwa juu, majirani waliiona ya ajabu, mama mfupi vile na meza ya kumfika kwapani. Lakini Mama Sanduku aliitengeneza kwa kimo cha mume wake, kwa kuwa ndiye anayeisimamia. Yeye mwenyewe hupika siku za dharura, na siku hizo wote wanakula mapema ili waisahau ladha yake.

Basi kitu cha kuuza kikaja, na kilikuja na lori.

Kiwanda cha nguo kilikuwa kimeagiza stuli sitini za washonaji. Zilitoka Jumatatu, imara, zimeng'aa, chini ya kila moja chapa ya ufunguo, kwa kuwa kazi ilikuwa ya Futi Sita. Jumatano asubuhi lori likazirudisha zote. Nyuma yake akashuka meneja wa kiwanda, mama mnene mwenye miwani ya kamba shingoni, akaingia karakana bila kubisha hodi.

"Nani kati yenu alikuja kiwandani akamwangalia mshonaji amekaa?"

Mafundi wakatazama patasi zao.

"Washonaji wangu miguu inaning'inia. Hawafikii pedali mpaka wakae ukingoni. Siku moja tu, migongo inauma, na mmoja ameingiza kidole kwenye sindano. Nani alipima hizi?"

Futi Sita akajisogeza mbele. "Mama, zimefuata kipimo."

"Kipimo cha nani?"

"Cha Mzee wetu."

"Huyo Mzee anashona?"

"Alishafariki, mama."

"Basi yeye hahitaji stuli. Ninayehitaji ni mimi." Akavaa miwani ili amwone Bosi vizuri. "Jumamosi saa sita mchana niwe na stuli sitini za kukalika. Mwezi ujao nafungua ukumbi wa pili, nitahitaji mia mbili nyingine. Mkishindwa, kuna karakana ng'ambo ya barabara, nimeiona wakati nakuja."

Alipoondoka, Bosi alibaki ameshika kichwa. Futi Sita akampoza. "Kazi ndogo hii, Bosi. Tunakata miguu."

"Unakata kiasi gani?"

Futi Sita akatazama huku na huku, jicho lake likamwangukia aliyekuwa juu ya sanduku. "Mama Sanduku! Njoo ukae hapa."

Akashuka, akakaa. Futi Sita akampima kutoka unyayo hadi nyuma ya goti, akatia alama kwenye mguu wa stuli kwa penseli. "Haya. Kipimo cha mwanamke hiki hapa."

"Kaka, hicho ni kipimo changu."

"Kwani wewe si mwanamke?"

"Mimi ni mwanamke mfupi."

"Wanawake wote wafupi," alisema Futi Sita, na kwa mahali alipokuwa anatazamia, hakuwa anadanganya.

"Nimesema," alisema Mama Sanduku kwa sauti ya kusikika hadi mlango wa nyuma. "Mmenisikia wote kwamba nimesema." Angeweza kueleza zaidi, lakini hakuna aliyemuuliza maelezo. Waliomba mguu, akawapa mguu.

Jioni hiyo wakakata stuli kumi na mbili. Alhamisi asubuhi wakazipeleka za majaribio, Futi Sita mbele, Mama Sanduku nyuma akiwa amebeba mbili. Ukumbi wa kiwanda ulikuwa na safu tano za cherehani na kelele kama mvua ya bati. Mshonaji wa kwanza kukaribishwa alikuwa mwanamke mrefu, mshona kola, mwenye miguu ya kuvuka mfereji bila kuruka. Alikaa. Magoti yakapanda yakamfika kifuani.

"Kaka," alimwambia Futi Sita, "umenikalisha nishone au nichutame?"

Safu zote tano zikazima mashine ili zicheke vizuri. Mwingine akadakia, "Mwacheni, shoga, anakuandalia mambo ya choo!" Futi Sita akabadilika rangi. Akaanza kueleza kwamba kipimo ni cha mwanamke halisi, yupo hapa, mnaweza kumwona. Meneja akamtazama Mama Sanduku, akamtazama mshona kola, akavua miwani.

"Kwa hiyo ulipima mmoja ukadhani umetupima sote."

Wakati wanabishana, Mama Sanduku alikuwa ameinama kati ya safu, kama mtu aliyeangusha sindano. Alikuwa anatazama miguu. Viatu, visigino, pedali, pengo kati ya paja na stuli. Walikuwepo wa kimo chake. Walikuwepo wengi zaidi wa kati. Na walikuwepo wa kimo cha mshona kola, ambao stuli za juzi, zile za Mzee, zingewafaa bila kuguswa, ila hakuna aliyewauliza kwa sababu wenzao walipiga kelele zaidi. Alipofika mwisho wa safu ya tano alikuwa ameshapata jibu. Akalifunga mdomoni akarudi nalo karakana.

Saa sita mchana alibisha ofisini kwa Bosi. Ofisi ilikuwa kona iliyozibwa kwa mbao nyembamba, ndani kukiwa na meza ya Mzee na kiti cha Mzee. Bosi alichukua sura ya baba yake na kimo cha mama yake, kwa hiyo kwenye kiti alikuwa amekalia mto.

"Naweza kuzimaliza stuli hizo," alisema Mama Sanduku. "Jumamosi saa nne, wala si saa sita."

Bosi akainua macho. "Kwa namna gani?"

"Namna ndiyo ninayoiuza. Nataka meza ya dirishani."

"Ile ya Futi Sita? Umerukwa na akili?"

"Basi nipe uongozi wa mafundi."

"Mama Sanduku!"

"Haya, naona umebanwa, sitaki kukuumiza. Tuongee vitu vidogo. Nataka meza yangu, ya kimo changu, pale mlango wa nyuma. Mwanga wa pale unanitosha. Nataka chapa yangu. Nataka malipo ya fundi kwa kila kipande kinachotoka mikononi mwangu. Na wale wanawake wawili wa msasa wafundishwe kuunga mbao na mafundi wako."

Bosi akavuta pumzi. Baada ya dirisha na uongozi, haya yalionekana mepesi kidogo, na ndivyo yalivyopangwa yaonekane. "Kufundisha hapana. Mafundi watagoma. Futi Sita atakuwa wa kwanza."

"Hilo naliacha," alisema Mama Sanduku haraka, kwa sauti ya mtu aliyeumia. "Unaona nilivyo mwepesi."

"Malipo, sawa. Meza..." Akajikuna. "Meza ya kimo kingine haijawahi kuingia humu. Ufito..."

"Bosi, umekalia nini?"

"Kiti."

"Juu ya kiti?"

Bosi akajitikisa kidogo, mto ukatoa hewa. "Mto," akasema.

"Mzee hakukuona vibaya ulipouleta, na mimi hatanikasirikia."

"Sawa, meza. Lakini chapa hapana. Chapa ni ya mafundi."

Mama Sanduku akasimama. "Basi mwite Futi Sita anipime mguu wa pili. Labda huo ni mrefu." Akageuka. Kutoka meza ya Bosi hadi mlangoni ni hatua saba, alishazihesabu miaka mingi akiingiza chai. Alizitembea kwa kawaida, si haraka, si polepole. Kwenye ya tano akasikia kiti kinalia.

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa narudi kwenye msasa siku zote, sitataja meza tena. Na sanduku nakuachia, ukalie badala ya mto."

Bosi akacheka bila kutaka. Mama Sanduku akamsogezea karatasi na kalamu, akasimama hapohapo mpaka yote matatu yakaandikwa, meza, chapa na malipo. Akamwita Futi Sita aweke sahihi ya shahidi. Futi Sita akasoma, akasoma tena, akauliza, "Hii ni dhihaka?"

"Weka sahihi, kaka. Kama ni dhihaka, Jumamosi utacheka."

Mchana huo alirudi kiwandani na mmoja wa wanawake wa msasa, aliyeitwa Kikohozi kwa sababu zinazojulikana. Walibeba ufito mpya mweupe, penseli na chaki. Meneja akawapa ruhusa kwa sharti wasisimamishe kazi, nao hawakuisimamisha. Mama Sanduku alipita mshonaji mmoja mmoja, akipiga magoti sakafuni.

"Kaa unavyokaa, dada. Nyayo chini. Hivyo viatu ndivyo vya kazini?"

"Ndivyo."

"Kesho usije na vya harusini ukaniharibia hesabu."

"Unatupima sanda?" aliuliza bibi mmoja wa vifungo, mzee kuliko wote ukumbini.

"Nakupima kiti, bibi. Sanda waulize wa safu ya pili, ndio wenye kitambaa."

"Mimi nipo hapa miaka kumi na saba," alisema bibi huyo, mashine ikiendelea, "hii ni mara ya kwanza mtu wa viti kuniuliza miguu yangu iko wapi."

Kikohozi alichora mistari kwenye ufito, na mistari ikajikusanya yenyewe kama Mama Sanduku alivyotazamia: wafupi kumi na wanne, wa kati thelathini na mmoja, warefu kumi na watano. Hakukuwa na haja ya stuli za aina sitini. Aina tatu zilitosha. Na zile kumi na mbili ambazo Futi Sita alizihesabu kuwa zimeharibika zilikuwa za wafupi tayari, zilihitaji ndugu wawili tu. Za warefu zilikuwa zimeshapimwa na Mzee. Kwa hiyo kati ya stuli sitini, za kukatwa zilibaki thelathini na tatu.

Ijumaa walikata. Mama Sanduku hakukata kwa pupa, kwa kuwa mguu wa mbao ukikatwa haurudi. Alitengeneza kwanza kibanio cha mbao cha kushikilia stuli ili miguu yote minne ikatwe kwenye mstari mmoja, stuli isicheze sakafuni. Zile fupi vijiti vya kukingama kati ya miguu vilikuwa vimeshuka mno, vingegonga visigino, akavitoa na kuvipandisha. Chini ya kila kiti akachonga mifereji midogo, mmoja kwa fupi, miwili kwa ya kati, mitatu kwa ndefu, ili mshonaji aitambue yake kwa kidole bila kuipindua. Kikohozi na mwenzake walipiga msasa. Mafundi wengine walijifanya wana kazi zao, lakini fundi wa samaki alikuja akasimama karibu na kibanio, akakishika, akasema, "Hiki kitu... utaniazima?"

"Tutaongea," alisema Mama Sanduku.

Jumamosi saa nne kasorobo lori lilikuwa mlangoni pa kiwanda. Bosi alikuja mwenyewe, amevaa shati la pasi. Futi Sita alikuja pia, hakusema kwa nini. Stuli zikapangwa safu kwa safu, washonaji wakapapasa chini, wakahesabu mifereji, wakakaa. Meneja akainua mkono. Cherehani sitini zikawaka kwa pamoja.

Meneja akapita kati ya safu akitazama chini tu. Nyayo mia na ishirini zilikuwa sakafuni au kwenye pedali, na hakuna iliyoning'inia. Akafika kwa mshona kola.

"Vipi?"

"Magoti yamerudi yalikokuwa," alisema yule bila kusimamisha kazi.

Bibi wa vifungo alijinyoosha mgongo, akaegemea mbele, akapitisha kitambaa chini ya sindano, na akaongeza kasi.

Mama Sanduku alisimama mlangoni mikono nyuma. Uso wake haukuonyesha kitu, maana alishazoea kutoonyesha kitu bei inapokuwa bado haijafungwa. Lakini ndani alikuwa anahesabu safu: hii yangu, hii yangu, hii yangu. Hata zile za Mzee alizihesabu, kwa sababu kujua kisichohitaji kukatwa nako ni ufundi.

Meneja akamrudia Bosi. "Zile mia mbili ni zenu. Kwa sharti moja. Apime huyu." Akamnyooshea kidole. "Anaitwa nani?"

Bosi akafungua mdomo kusema Mama Sanduku, akasita. "Ni fundi wangu," akasema.

Jumatatu ilikuwa siku ya meza. Kwa desturi ya karakana, meza ya fundi mpya hutengenezwa na kiongozi wa mafundi, na Futi Sita, pamoja na mdomo wake, alikuwa mtu wa desturi. Aliuchukua ufito wa Mzee msumarini, akautazama, akaurudisha. Akachukua futi ya utepe.

"Simama wima," alisema. Kisha, baada ya muda kidogo, "Simama wima, fundi."

Mama Sanduku akasimama sakafuni, mikono imelegea. Ili asome kimo cha kifundo cha mkono wake ilimbidi Futi Sita apige goti, na alipopiga goti mgongo ukalia kama mlango usiotiwa mafuta. Karakana nzima iliona, hakuna aliyecheka. Jumatano meza ilikuwa tayari, ya mbao nzito, viungio vya kukaza bila msumari. Futi Sita hakujua kutengeneza kitu kibovu hata akiwa amenuna. Mama Sanduku akaweka viganja juu yake. Mabega hayakupanda. Viwiko vilikaa mahali pake. Aliranda ubao mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na utepe wa randa ukatoka mzima, mrefu, haukukatika.

Mhunzi alimletea chapa. Ilikuwa mraba wenye mstari mmoja juu: sanduku na mfuniko wake. Jioni aliibeba nyumbani kumwonyesha mumewe, naye akaigeuzageuza kwenye mwanga wa jiko kama mtu anayekagua samaki.

"Uliuza nini basi?" alimuuliza.

"Kitu walichokuwa nacho siku zote wakakitupia msasa." Akamnyang'anya chuma. "Usikishike na mikono ya mafuta."

Ilikuwa mchana wa Ijumaa, wengine wakiwa wamekwenda kula, Futi Sita alipokuja mlango wa nyuma. Alikuja na harufu ya dawa yake. Akazunguka meza mpya mara mbili, akaigonga, akasugua kona kwa kidole gumba, ingawa ni yeye aliyeisugua kwanza.

"Unajisikiaje ukifanyia kazi hapo?"

"Kama niko kwangu."

"Haikuumizi popote?"

"Hainiumizi."

Futi Sita akatazama meza yake kule dirishani. "Ile yangu... unadhani ina kasoro?"

"Haina kasoro. Ni ya Mzee. Mzee angekufika begani."

"Miaka ishirini na miwili nainama," alisema Futi Sita, na ilikuwa kama anajisomea barua aliyoandikiwa siku nyingi asiifungue. "Nikadhani ndiyo kazi ilivyo."

"Hata mimi niliambiwa ndiyo kazi ilivyo. Nikapanda sanduku. Wewe hukuwa na shimo la kushukia."

Akacheka, kiuno kikamkatiza. "Sasa... ungenipimia?"

"Naweza. Kuna bei."

"Nilijua tu. Bei gani?"

"Wale wawili wa msasa. Uwafundishe ulimi na tundu, na viungio vya mkia. Hakuna anayekushinda kwa hivyo humu."

"Wawili? Mmoja."

"Wawili. Na asubuhi, si jioni mkishachoka wote."

"Asubuhi nina kazi!"

"Ukiwa umenyooka utaimaliza mapema." Akaokota randa, akaanza kuranda, kama mtu ambaye biashara imemtoka akilini. Alipitisha randa mara nne.

"Haya, wawili," alisema Futi Sita. "Lakini yule Kikohozi asinikoholee kwenye patasi."

"Ukimtoa kwenye vumbi hatakohoa. Simama wima, kaka."

Akampima. Meza ya dirishani ilihitaji kupanda vidole vitano. Mama Sanduku akatazama huku na huku akitafuta mbao ngumu ya kukata vigingi vinne vya kuwekea chini ya miguu yake, na jicho likaangukia sanduku, lililokaa ukutani likiwa halina kazi tangu Jumatano. Hakulitazama mara mbili. Akalilaza kwenye meza yake, akapiga mstari, akashika msumeno. Mbao ilikuwa bado ngumu kama siku ya kwanza.

Kabla ya kuvipeleka dirishani alitia chapa motoni, akakichoma kila kigingi upande wa nje, ule unaoonekana.

"Hata hivi?" aliuliza Futi Sita. "Vipande vya sandukuni?"

"Kazi yangu hiyo," alisema. "Inua huo upande."